Msuli Mjini Songea

Mwanamume akijifunga msuli Kilwa, amevaa. Akijifunga msuli uleule hapa Songea, basi anaumwa, au amebadili dini, au akili imeanza kumwacha. Tangu nistaafu, miaka sita iliyopita, najifunga msuli karibu kila siku niendapo sokoni, kwa kinyozi au kumjulia hali jirani. Katika miaka hiyo nimepewa maelezo hayo matatu kwa zamu, na zipo siku nilizopewa yote matatu kabla ya saa sita mchana. Naomba leo, ndugu msomaji, tuyatazame kama watu wa lugha, kwa kuwa naamini shida tuliyonayo ni ya msamiati kabla ya kuwa ya kitambaa.

Nianze na ugonjwa. Katika miji ya bara, mwanamume anayeonekana barabarani na nguo ya kufunga kiunoni hudhaniwa kuwa ametoka hospitali. Kijana aliyetoka jandoni hufungwa kanga ya mama yake mpaka apone. Mtu mzima aliyepasuliwa ngiri au busha hufungwa shuka. Nje ya hapo mji haujui sababu nyingine. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni fundi wa magari, alinikuta njiani Majengo, akasimamisha kazi yake na kuja kunisalimu kwa sauti ya chini.

“Shikamoo, Mwalimu. Pole sana.”

“Marahaba, mwanangu. Pole ya nini?”

“Ya upasuaji, Mwalimu. Natumaini kidonda kinaendelea vizuri.”

Nilimshukuru kwa upendo wake, nikamwambia kwamba sina kidonda. Akatazama tena chini, akatazama juu, na nikaona usoni mwake kwamba jibu langu limempa wasiwasi mkubwa zaidi kuliko kidonda. Kumbe alikuwa amenitetea mbele ya wenzake.

Maelezo ya pili ni dini. Ukipanda basi hapa ukaelekea mashariki, kadiri unavyokaribia Tunduru ndivyo misuli na kanzu zinavyoongezeka vibarazani, na ukiendelea hadi Masasi, Mtwara na Lindi, msuli unakuwa nguo ambayo hakuna anayeigeukia shingo. Kwa kuwa wengi wa wavaaji hao ni Waislamu, watu wa kwetu, ambao wengi wamelelewa katika misheni, wamefanya hesabu ya haraka: msuli ni Uislamu. Mimi ni Mkristo, na nimeulizwa zaidi ya mara moja kama nimesilimu. Hesabu hiyo ina kasoro. Mvuvi wa pwani hujifunga msuli kwa sababu ya joto, maji na wepesi wa kuukausha. Kitambaa hakiswali wala hakisali misa. Ni mtu ndiye anayefanya hayo, na anaweza kuyafanya akiwa na suruali.

Maelezo ya tatu ni wazimu, nayo hayasemwi mbele yangu. Husemwa kwa wanangu.

Sababu yangu ni ndogo kiasi cha kuwakatisha tamaa wote hao. Baada ya chuo cha ualimu nilipangiwa kazi wilayani Kilwa, nikafundisha huko Kiswahili na historia kwa miaka mingi. Huko nilifundishwa na majirani namna ya kufunga msuli usianguke, na mwili wangu ukauzoea. Niliporudi Songea nilirudi nao. Ninauvaa kwa sababu unanifaa. Sidai chochote, wala sihubiri chochote. Hapo ndipo ugumu unapoanzia, kwa maana mji uko tayari kumwelewa mtu mwenye hoja, lakini haujajiandaa kwa mtu mwenye mazoea.

Sasa tuje kwenye maneno. Kiswahili ni tajiri mno katika nguo za kufunga, na utajiri huo si wa wanawake peke yao. Tuna msuli, tuna kikoi chenye taraza ya rangi pembeni, tuna saruni ambayo jina lake limetoka mbali, katika Kimalei. Tuna shuka. Tuna mgolole wa Wahehe unaopita begani, na tuna lubega, ambalo ni jina la namna hiyo ya kufunga nguo begani. Tuna kitenzi kufutika, yaani kuweka kitu katika pindo la nguo kiunoni, na hapo ndipo wazee walipoweka fedha zao kabla ya mifuko ya suruali. Tuna kupiga ubinda, yaani kupitisha pindo katikati ya miguu na kulichomeka nyuma ili mtu aweze kulima, kupanda mnazi au kuvuta wavu. Lugha haiundi maneno mengi hivyo kwa jambo ambalo watu wake hawalifanyi. Maneno hayo yameundwa na miili ya wanaume waliofanya kazi.

Muulize leo kijana wa kidato cha nne hapa Songea aitaje nguo niliyovaa. Nimefanya hivyo mara nyingi, kwa tabia ya ualimu isiyostaafu. Nimejibiwa taulo. Nimejibiwa sketi. Nimejibiwa kanga ya mke wako, Mwalimu. Nimejibiwa nguo ya kulalia. Wachache walisema msuli, na wengi wao walikuwa na ndugu Tunduru au Dar es Salaam. Wengine walipolisikia neno hilo walishika mikono yao ya juu wakicheka, kwa kuwa kwao msuli ni ule unaotunishwa na mnyanyua vyuma, neno jingine kabisa lililokuja kwa njia ya Kiingereza.

Tazama kilichotokea. Jina likikosekana, nafasi yake haibaki tupu. Hujazwa na jina la jirani: la bafuni, la chumbani, la kabati la mwanamke. Kijana anayesema sketi huenda hana nia mbaya. Anatafuta neno la nguo isiyogawanya miguu, na ghala lake la maneno lina hilo moja. Lakini neno hilo likishatamkwa, linakuja na kicheko chake, na kicheko kinakuwa hukumu. Ndiyo maana nasema shida ni ya msamiati. Mwenye neno msuli kinywani huona msuli. Asiyekuwa nalo huona mwanamume katika nguo ya kike.

Nimesikia pia ikisemwa kwamba nguo hii ni ngeni kwetu, kwamba Mngoni hakuvaa hivyo. Kweli, Wangoni waliofika nchi hii katika karne ya 19 wakitokea kusini mwa Afrika hawakuja na msuli. Walikuja na ngozi za wanyama kiunoni. Hawakuja na suruali pia. Kila mwaka mwezi Februari, tunapowakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa hapa na Wajerumani mwaka 1906, wazee huonekana na ngozi, mikuki na ngao, nasi tunawapigia makofi kwa fahari. Hakuna anayewauliza kama wametoka hospitali. Nguo isiyogawanya miguu, basi, si ngeni katika kiuno cha mwanamume wa Songea. Tumeipa siku yake moja ya mwaka, tukaifungia katika makumbusho siku zilizobaki.

Na kitambaa chenyewe kimepita hapa zamani. Njia ya misafara iliyotoka Kilwa kwenda Ziwa Nyasa, njia ya pembe za ndovu na ya msiba wa utumwa, ilipita katika nchi za Wayao na Wangoni, na vitambaa vilikuwa sehemu ya fedha yake. Marekani, ile nguo ya pamba isiyopaushwa iliyopewa jina la nchi ilikotoka, na kaniki ya rangi ya nili, vilipimwa kwa mikono, vikabadilishwa, vikafungwa viunoni na mabegani. Babu zetu walijua kitambaa kabla ya kumjua fundi cherehani.

Suruali ilikuja baadaye, pamoja na shule za misheni, jeshi na ofisi. Hata hivyo haikuwafikia wote kwa usawa. Askari na mtumishi wa nyumbani wakati wa ukoloni walipewa kaptura, hata wakiwa na mvi, na suruali ndefu ikabaki alama ya bwana na karani. Naelewa kwa nini kizazi cha baba zetu kiliipenda suruali: ilikuwa cheti cha utu uzima ambao walikuwa wamenyimwa. Sina ugomvi nayo, na ninazo kadhaa kabatini. Nakumbusha tu kwamba jina lenyewe suruali limetufikia kutoka Kiarabu, nacho Kiarabu kililipata kwa Waajemi. Shati, koti, tai na soksi vimetoka kwa Waingereza. Ukisema nguo ngeni zivuliwe, sote tutabaki uchi pale soko kuu. Maneno yetu ya asili ya Kibantu ni yale mapana: nguo, na vitenzi vaa, vua na funga. Na katika hivyo, funga ndicho ninachokitumia kila asubuhi.

Nchi yetu imewahi kujaribu kuamua kwa amri nani avae nini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache shuka na kuvaa mavazi yaliyoitwa ya kisasa. Katika kipindi hichohicho, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mwezi Oktoba 1968, na kuanzia Januari 1969 ukapiga vita sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na dawa za kujichubua. Ona ajabu ya historia: Mmasai aliambiwa nguo yake ni ya kale mno, na msichana wa Dar es Salaam akaambiwa yake ni ya kisasa mno, kana kwamba kuna mstari katikati ambao waheshimiwa peke yao waliuona.

Leo Wamasai wapo Songea kama walivyo katika kila mji wa nchi hii, wakilinda mageti usiku na kuuza dawa za miti shamba mchana, na shuka zao zenye miraba myekundu hazimshangazi mtu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mlinzi wa Kimasai hupita salama mahali ninapochekwa mimi. Jibu nililolipata ni kwamba yeye ana kibali cha kabila. Mji umemwekea kisanduku chake: huyu ni Mmasai, ndivyo wavaavyo. Mimi sina kisanduku. Mngoni, Mkristo, mwalimu mstaafu, na msuli: vipande havipangiki. Basi kumbe hatuchukizwi na nguo ya kufunga. Tunachokikataa ni mtu kuivaa bila kuwa mwakilishi wa kitu fulani.

Jambo hili si la Songea pekee, na hapa niruhusu niende mbali kidogo, nikifuata mto wetu wenyewe. Mto Ruvuma, ulioupa mkoa huu jina, ulifuatwa mwaka 1866 na David Livingstone akielekea Ziwa Nyasa. Yeye alikuwa Mskoti. Alipita na suruali yake, lakini kwao kuna vazi la wanaume ambalo dunia nzima inalijua: kilti, kitambaa cha sufu chenye miraba, kinachozungushwa kiunoni na kufika magotini. Zamani lilikuwa shuka moja kubwa. Mwanamume wa milimani alilifunga kwa mkanda, akalitupa ncha begani, na usiku akajifunika hilohilo akalala. Mgolole kamili, ndugu zangu, katika nchi ya baridi.

Baada ya uasi wa mwaka 1745 na kushindwa kwa waasi huko Culloden mwaka uliofuata, bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Mavazi ya mwaka 1746. Mwanamume wa milimani asiyekuwa askari wa mfalme alikatazwa kuvaa kilti. Kosa la kwanza lilikuwa kifungo cha miezi sita. Kosa la pili, kusafirishwa ng’ambo kwa miaka saba. Sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1782. Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh, mwandishi Walter Scott alipanga sherehe ambazo kilti ilitawala, na mfalme mwenyewe akaivaa. Nguo iliyokuwa kosa la jinai ikawa nguo ya mfalme.

Lakini jihadhari na furaha ya hadithi hiyo. Kilti ilitoka gerezani ikaingia jukwaani. Kwa wengi wa Waskoti leo ni nguo ya harusi, ya ngoma, na ya siku timu ya taifa inapocheza. Anayeivaa siku ya Jumanne kwenda kununua mkate ni mmoja mmoja, na hata kwao huulizwa: leo kuna nini? Hilo ndilo swali ninaloulizwa mimi nje ya duka la mahindi. Hata kwa mifuko tumefanana. Kilti haina mfuko, basi Mskoti hutundika kijimkoba cha ngozi mbele ya kiuno. Mimi hubeba kikapu kidogo cha ukili, ndani yake simu, miwani na fedha za nauli.

Somo ninalolichukua ni hili. Nguo haiuawi na sheria peke yake. Sherehe nayo huiua, kwa upole zaidi. Ikishakuwa ya siku kuu tu, mwenye kuivaa siku ya kawaida anaonekana mwigizaji. Ndiyo sababu sifurahii sana mijadala ya vazi la taifa, ambayo huibuka nchini kila baada ya miaka kadhaa na kuundiwa kamati. Nachelea kwamba nguo itakayochaguliwa na kamati itavaliwa na kamati. Nguo huwa ya watu pale inapofuliwa Jumamosi na kuanikwa kwenye kamba.

Nimetafuta hoja nzito za wanaonipinga, kwa kuwa mwalimu asiyesikia hoja hafai kushika chaki. Ya kwanza hutoka kwa wahenga: ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Naiheshimu methali hiyo. Inamfundisha mgeni adabu. Lakini mimi si mgeni Songea. Hapa ndipo kitovu changu kilipozikwa. Na adabu inayodaiwa na mwenye chongo ni kutokumcheka, si lazima niuharibu uoni wangu ili tufanane. Sijamtaka mtu yeyote avue suruali yake.

Ya pili ni staha. Wapo wanaosema upepo utaniaibisha. Upepo wa Songea mwezi Julai naufahamu, na baridi yake pia, nami hujifunga msuli mzito na sweta juu. Msuli uliofungwa vizuri unafika kwenye vifundo vya miguu. Unasitiri kuliko suruali nyingi za vijana wetu zinazoning’inia chini ya makalio. Ugumu wa kweli upo kwenye bodaboda, nakiri. Mwendesha pikipiki wa kwanza alikataa kunipakia nikikaa upande, akisema abiria wa kiume hakai hivyo. Tukajadiliana kwa muda, foleni yote ya bodaboda ikitoa maoni, hadi nilipopiga ubinda mbele yao na kupanda kama wanaume wengine. Kukawa kimya. Kisha mmoja akauliza inafanywaje. Nikamwonyesha tena, na nikamtajia neno. Leo kijiwe kile kizima kinajua ubinda ni nini, na nadhani hicho ndicho kipindi bora cha Kiswahili nilichofundisha tangu nistaafu.

Ya tatu ni nzito kuliko zote: mwalimu ni kioo cha jamii. Hii nilikutana nayo mlangoni mwa ofisi moja ya umma, nilipofuata hati inayohusu mafao yangu. Mlinzi, kijana mpole, alinizuia. “Shikamoo, mzee. Samahani, hapa haturuhusu nguo za kulalia.” Ukutani palikuwa na bango la mavazi yaliyokatazwa, lenye michoro iliyokatwa kwa msalaba mwekundu. Nilimwomba anionyeshe mchoro wangu. Alitafuta kwa uaminifu: kaptura ipo, sketi fupi ipo, nguo inayoonyesha mwili ipo. Msuli haukuwapo. Akaenda kuuliza ndani, akarudi na jibu kwamba nirudi nyumbani nikavae kama mwalimu. Kesho yake nilirudi na suruali, maana mafao ni mafao na mke wangu alikuwa akisubiri dawa. Hati nikaipata kwa dakika kumi.

Nililotafakari njiani ni ile kauli, kuvaa kama mwalimu. Nilifundisha na suruali kwa miaka yote ya utumishi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kanuni ya kazi, na sikunung’unika. Lakini kioo kinachoonyesha kitu kimoja tu ni picha. Nikiwafundisha vijana kwamba Kiswahili ni lugha pana ya pwani na bara, ya Waislamu na Wakristo, ya mvuvi na mkulima, kisha nikaona haya kufunga nguo ambayo lugha hiyo imeitaja kwa heshima kwa vizazi vingi, nitakuwa nimewafundisha nusu. Wapo wanaume wengi duniani wanaovaa hivi na kuheshimiwa. Wasomali wana macawis yao, Wabama wana longyi, na huko Fiji polisi hulinda amani ya raia wakiwa na sulu kiunoni. Hakuna mhalifu aliyekataa kukamatwa kwa sababu hiyo.

Wala tusijidanganye kwamba macho ya mji hayabadiliki. Nilipokuwa kijana, mwanamke aliyevaa suruali katika mji huu alizomewa hadharani, na wapo waliosema kwamba dunia inakwisha. Leo wasichana wanavaa suruali kwenda chuoni na kazini, na dunia inaendelea na taabu zake za kawaida. Hakuna mkutano ulioitishwa kuidhinisha jambo hilo. Wachache walivaa, wakazomewa, wakavaa tena, mpaka wazomeaji wakachoka. Wao walilipa gharama kubwa kuliko hii yangu, kwa kuwa waliotukanwa walikuwa wasichana, nami ni mzee mwenye mvi anayeamkiwa shikamoo hata na wanaomcheka. Natambua kwamba umri wangu ni ngao. Kijana wa miaka 20 akijifunga kikoi hapa kwenda kijiweni hatapata upole ninaoupata. Ndiyo sababu naona ni haki wazee tutangulie.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwanamume anayetaka kuvaa nguo ambayo wenzake hawaivai ni mfupi. Ivae siku ya kawaida. Ivae safi, iliyopigwa pasi, na uijue namna ya kuifunga. Usitoe hotuba. Ukiulizwa, jibu kwa jina la nguo: huu ni msuli, hiki ni kikoi, hii inaitwa taraza. Jina likitajwa mara nyingi kwa utulivu, jina la kejeli hukosa mahali pa kukaa. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Muuza vitunguu ambaye mwaka wa kwanza aliniita babu wa taulo sasa hunikaribisha kwa kusema msuli wa leo umependeza, kisha ananipunja bei kama anavyowapunja wateja wake wengine wote. Sijawahi kupata heshima iliyo kamili zaidi ya hiyo.

Na kwa kuwa ukumbi huu ni wa washairi, nisiondoke bila kulipa ada. Mizani ihesabuni wenyewe.

Msuli nguo ya pwani, leo bara yavaliwa,
Naufunga kiunoni, pindo limekunjuliwa,
Wanacheka mitaani, si neno la kununiwa,
Nguo haina ugeni, ila haijazoewa.